Daftari la Alama

Wifi yangu hakumpokea mtoto yeyote akiwa na nguo. Ukimleta mwanao kwenye chumba cha watoto pale kanisani, awe wa miezi mitatu au wa miaka miwili, unamlaza kwenye meza ya mlangoni iliyotandikwa mpira, wewe unabaki upande wako wa mlango, naye anamvua mpaka inabaki nepi. Anamtazama kifua, anamgeuza mgongo, nyuma ya masikio, chini ya nyayo. Akiona alama yoyote anakuuliza imetokana na nini, anaiandika, anaandika na jibu lako, unatia sahihi, naye anatia yake. Hapo ndipo unaruhusiwa kwenda kusali. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wao wanakaguliwa kuliko mizigo ya mpakani. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa na upele, aliona haya akaomba mtoto aachiwe fulana. Wifi akamwambia mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, kwa hiyo mvue.

Nilikuwa naye humo ndani miaka tisa. Ni dada wa mume wangu, na mawifi mnatujua: tulianza kwa kununiana, tukaishia kubadilisha nepi za watu pamoja. Waumini walimwita Mama Sabuni, na hawakuwa wanamsifu. Kabla hujamgusa mtoto sharti unawe mpaka kwenye viwiko, hata uwe nani. Mke wa mchungaji aliwahi kugoma akidai ametoka kuoga sasa hivi. Alirudishwa kwenye ndoo mbele ya watu, akanawa, na mwezi mzima hakutusalimia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majoho ya kwaya. Wifi alikiomba, akakipaka chokaa kwa mikono yake, akamwita seremala akate mlango katikati. Nusu ya chini ilifungwa kwa komeo, nusu ya juu ilikuwa wazi muda wote ili kila anayepita aone tunachofanya. Hakuna mtu mzima aliyebaki peke yake na watoto, hata dakika moja. Nikibanwa na haja, yeye anasimama mlangoni na kumwita mwanamke wa kwanza anayepita, na huyo naye ananawa kwanza, na mimi huku nimebana miguu. Mtoto analala chali, bila mto. Chupa ina alama ya mwenyewe. Mwenye mafua au kikohozi anarudi nyumbani na mama yake. Aliyemleta mtoto ndiye anayemchukua, na bibi asiyejulikana, hata akilia, anasubiri.

Haya yote alitoka nayo hospitali. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi miaka ishirini na sita, mtu wa deki na mabeseni, wala hakuwa muuguzi, lakini mtoto aliyegoma kunyonya usiku kucha walimpakatisha yeye. Mumewe alikufa mapema, wanawe wawili wakakua wakaenda mbali, na nyumbani alibaki na kuku watatu na redio. Kwa watu wazima alikuwa mkavu. Kwa watoto alilainika mpaka unaona wivu. Wangu mwenyewe walinililia mimi wakamnyamazia yeye, na nilimchukia kwa hilo kama mwaka mzima hivi.

Daftari lilitokana na kesi. Mwaka wetu wa pili, baba mmoja alirudi jioni na mtoto mwenye alama nyekundu pajani, akasema tumemfinya. Hatukumfinya, lakini nani atakuamini? Tulikalishwa kwenye benchi mbele ya wazee wa kanisa kama wezi wa kuku, na chumba kikafungwa wiki tatu. Wifi alikonda wiki hizo. Mwishowe mama wa mtoto mwenyewe alikuja kukiri kwamba alama ilikuwepo tangu asubuhi, ya mpira wa suruali, nasi tukasamehewa kosa ambalo hatukulifanya. Jumapili iliyofuata wifi alikuja na daftari kubwa la jalada gumu. Aliniambia alama iliyotoka nje haitaondoka humu tena ikiitwa yetu.

Alilipanga hivi: ukurasa mmoja kwa Jumapili moja. Watoto wanaandikwa kwa jinsi wanavyofika, wa kwanza juu, aliyechelewa chini. Ibada ikiisha, ukurasa umekwisha kazi yake, na Jumapili nyingine unafunguliwa mpya. Naomba mlishike hilo vizuri, maana kosa letu liko hapo hapo, na hakuna aliyeliona kwa miaka saba. Makanisa mengine yalituma watu kuja kunakili mtindo wetu. Wazee walewale waliotukalisha kwenye benchi walianza kututaja kwenye ripoti.

Chiriku aliletwa akiwa na miezi kumi. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu mtoto hakufunga mdomo. Alizungumza na vifuniko vya plastiki, akazungumza na ndoo, akamsemesha mtoto mwenzake aliyelala mpaka akamwamsha. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba wa maneno machache, anaimba kwaya. Wakifika tu, yeye anaingia moja kwa moja kwenye mstari wa waimbaji, na baba ndiye anayemleta mtoto mezani.

Baba huyo tulimwita Baba Matangazo. Siku za kazi alizunguka nyumba za watu akisoma mita za maji, na Jumapili alisoma matangazo ya kanisa kwa sauti tamu mpaka hata habari ya msiba ikawa nzuri kuisikia. Alijua kuchekesha. Mtoto wa mtu akipiga kelele kanisani alisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na watu walicheka, na mimi nilicheka.

Wifi alimpenda kuliko wazazi wote, na sababu yake ilikuwa moja. Wengine ukiwauliza alama ya jana wanakukodolea macho, wanasema labda ni mbu, labda ni kaka yake, ngoja nimuulize mama yake. Baba Matangazo hakusubiri kuulizwa. Mtoto hajavuliwa hata kiatu, yeye ameshasema: bega la kushoto, Jumatano, alijigonga kwenye mguu wa kitanda. Mkono, alishika pasi. Paji la uso, alikuwa anajifunza kusimama. Anasema, wifi anaandika, anatia sahihi yake ndefu yenye mkia, anashukuru, anaondoka. Wifi aliwaambia akina baba wengine waige mfano, kwamba baba anayejua kila alama ya mwanawe ndiye baba. Aliyasema hayo kwa sauti, mlangoni, watu wakisikia. Namkumbuka alivyokuwa akitabasamu.

Mtoto alipofikisha mwaka na miezi mitatu, akawa haongei. Simaanishi alipunguza. Aliacha. Ukimweka mezani ananyoosha mikono juu mwenyewe ili avuliwe, macho yako ukutani, hata umtekenye vipi. Nilimwambia wifi, huyu mbona amekuwa kimya? Akajibu ni meno, na kwamba afadhali mmoja mwenye adabu kati ya hawa wakorofi. Nami nilikubali. Nilikuwa na watoto kumi na wanne sakafuni, wawili wanang'atana, na mtoto aliyetulia ni mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaipamba.

Kisha ikaja semina. Makanisa ya jirani yaliandaa siku moja ya mafunzo kwa watu wa vyumba vya watoto, na wifi aliombwa aeleze daftari lake. Aliisubiri siku hiyo kwa hamu, akanunua hata viatu. Alhamisi mchana tulikaa chumbani peke yetu, mikeka imeanikwa nje, tutengeneze karatasi ya mfano ya kubandika ukutani. Akasema tuchukue mtoto mmoja tu, tuonyeshe alivyoandikwa tangu alipoanza, ili watu waone ukamilifu wa kumbukumbu zetu. Akamchagua Chiriku, kwa sababu mistari yake ndiyo iliyojazwa vizuri kuliko yote na hakukosa Jumapili hata moja.

Yeye akafungua kurasa na kusoma, mimi nikaandika kwa kalamu nene, moja chini ya nyingine. Bega la kushoto, kitanda. Paja la kulia kwa nyuma, kiti. Sikio, amelikwaruza mwenyewe. Mkono wa kulia, pasi. Paja la kulia tena, ndoo. Mgongo, ngazi. Mgongo, ngazi. Alisoma haraka mwanzoni, kwa fahari kidogo. Tulipofika ya saba sauti ikapungua. Ya tisa aliisoma mara mbili. Zilikuwa kumi na moja, na nilipomaliza ya mwisho niliinua macho nikamwona anaitazama karatasi yangu, daftari amelisahau mapajani.

Hatukuwahi kuziona pamoja. Kila moja ilikuwa kwenye ukurasa wake, imezungukwa na mbu wa huyu na upele wa yule, na kila moja ilikuwa na jibu.

"Wifi," akasema, "nyumba yao ina ngazi?"

Nilijua haina. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, mlango umelingana na ardhi. Nimepita pale mara nyingi. Nilimwambia haina. Alikunja ile karatasi, akavua aproni, akaenda kwa mchungaji bila hata kubadilisha kandambili.

Mchungaji aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, maana mbaya ungejua pa kumshika. Alisema jambo la familia huanzia kwenye familia, kwamba tukikimbilia nje tutavunja nyumba ya watu kwa karatasi moja, kwamba ataongea na baba mtu. Akamwita Ijumaa. Baba Matangazo alilia pale ofisini, akakiri ana hasira za karibu, akaomba aombewe, akaombewa. Mama wa mtoto hakuitwa. Hakuna aliyefikiria kumwita, na mimi nimo kwenye hao.

Jumamosi wifi alikwenda kwao mwenyewe, amebeba mche wa sabuni kama zawadi ya mtoto. Baba alimpokea getini kwa heshima zote, mama shikamoo, mama karibu siku nyingine, mtoto amelala, mama yake amekwenda sokoni. Alipokea sabuni, akafunga geti. Wifi alirudi kwangu akakaa kwenye kiti cha jikoni. Akasema amesimama getini kama muuza maziwa, na ndani hakusikia hata kikohozi.

Jumapili mtoto hakuletwa. Baba alisoma matangazo kama kawaida, na mama aliimba. Nilimfuata baba uani baada ya ibada kumuuliza, akaniambia Chiriku ana mafua, amebaki kwa jirani, na si sheria yenu inakataza wenye mafua? Alisema hivyo akitabasamu. Nilimpisha njia.

Jumatatu asubuhi wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya ustawi wa jamii, daftari amelifunga kwenye kanga. Nilimsindikiza. Afisa alikuwa binti mdogo mwenye mafaili mpaka sakafuni, na alitusikiliza vizuri. Alifungua kurasa zote kumi na moja tulizoweka vijikaratasi. Kisha akauliza, bila ubaya, kwa nini kila alama ina maelezo na kila maelezo yana sahihi ya wifi. "Mama, hapa umekubali mara kumi na moja," akasema. Wifi alisema ni kweli. Binti akaandika, akasema watakwenda kuangalia Alhamisi, siku ambayo gari huwa lao. Wifi alimsihi wakatembee kwa miguu leo leo, si mbali, atawaonyesha yeye. Binti akasema hawezi kwenda peke yake, kanuni ni watu wawili. Wifi alilifunga daftari kwenye kanga. Ni yeye aliyekuwa akituimbia kila siku kwamba kanuni ni watu wawili.

Jumatano saa tatu asubuhi Chiriku alifikishwa hospitali. Maelezo yalikuwa kwamba ameanguka kitandani. Alikufa kabla ya saa sita. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi sita.

Mhudumu mmoja aliyewahi kufanya kazi na wifi ndiye aliyempigia simu. Nilikuwa naye, tunachovya vitu vya kuchezea kwenye maji ya dawa. Alisikiliza, akasema ahsante mwanangu, akakata. Kisha akaendelea kuchovya kifuniko kimoja, anakitoa, anakichovya, mpaka nikamshika mikono nikaitoa kwenye ndoo. Sikuwa nimewahi kumshika mikono kabla ya hapo. Ilikuwa imekakamaa kwa baridi ya maji na hakuonekana kujua.

Polisi walimchukua baba, wakachukua na daftari. Na hapo ndipo nilipojua kumbe mtu anaweza kukutumia ukiwa umesimama wima na akili zako timamu. Baba Matangazo aliwaambia polisi kwamba mwanawe alikuwa mtoto wa kuanguka anguka, na kwamba yeye hakuwahi kuficha lolote: someni, kila alama niliitaja mwenyewe, na mama mwenye uzoefu wa hospitali miaka ishirini na sita aliitazama, akaridhika, akatia sahihi. Alikuwa ameyajenga maneno yake juu ya meza yetu, Jumapili baada ya Jumapili, na sisi tulimshikia kalamu.

Wazee wa kanisa walikutana, nasi tukaitwa. Safari hii tulipewa viti vya kitambaa. Mwenyekiti alishukuru Mungu kwamba, katika msiba huu mzito, kumbukumbu za kanisa zinaonyesha wazi alama zote zilitoka nje na hakuna hata moja iliyotokea mikononi mwetu. Akasema daftari limetuokoa. Wazee wakaitikia. Wifi aliomba nafasi ya kusema, akasimama, akajishika kwenye kiti cha mbele yake.

"Ni kweli limetuokoa," akasema. "Nililinunua lituokoe sisi. Mtoto sikumnunulia kitu."

Akakaa. Mwenyekiti alikohoa akahamia ajenda inayofuata, nadhani ilikuwa ya mabati. Nilitamani kuwarushia kile kiti cha kitambaa, lakini ningeanza na nani, na mimi mwenyewe ningejirushia nini.

Kesi ilianza kutajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, na haijakwisha. Chumba hakikufungwa. Wazazi waliendelea kuleta watoto, na wifi aliendelea kuwavua, ila alikuwa akimshika mtoto mezani muda mrefu kuliko zamani, mpaka foleni inafika nje, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Wiki ya tano baada ya mazishi, siku ya Jumanne, tulikuwa tunasugua mikeka nje ya mlango. Mama wa Chiriku akaja. Alikuwa amepungua mpaka shingo inaonyesha mishipa. Hatukuwa tumeongea naye tangu makaburini, ambako alizungukwa na ndugu. Wifi aliacha brashi, akainuka kwa shida, akafuta mikono kwenye aproni. Nilijiandaa kwa matusi. Kusema kweli, niliyataka. Ningepumua.

"Shikamoo, mama," akasema.

Wifi aliitikia.

"Sijaja kugombana. Nataka tu ujue, maana nikikaa nalo peke yangu nitachizika." Alikuwa anamwangalia wifi usoni, mimi ni kama sikuwepo. "Mimi nilikuwa siwezi kusema. Aliniambia nikifungua mdomo nitawazika wawili, mtoto na mama yangu. Na yeye anasema kitu anafanya. Basi nikafikiria, kanisani wanawavua. Yule mama wa hospitali anawavua wote, lazima ataona. Ndiyo maana sikukubali tuhame kanisa, alivyotaka tuhame. Ndiyo maana hata mtoto akiwa na homa nilimleta. Nilimshonea magauni yote ya vifungo mbele, ili usipate taabu kumvua."

Wifi aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Nikiwa kule kwenye kwaya nilikuwa naangalia mlango. Kila Jumapili. Nilikuwa nasema leo watakuja kuniita, watanivuta pembeni, wataniuliza mimi, na mimi nikiulizwa nitasema. Nilikuwa tayari. Hakuna aliyeniuliza." Akasogea hatua moja. "Nilikuletea Jumapili ngapi, mama?"

Daftari liko polisi mpaka leo, lakini wifi hakulihitaji.

"Thelathini na tatu," akasema.

Yule mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu ikalingana na yake, akageuka akaenda zake.